Siku 14 nje ya darasa: kisa cha msichana wa Gredi ya Sita, Mukuru kwa Njenga

Pembeni mwa jina lake mwalimu wa darasa alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu: mtoro. Ilikuwa mwisho wa wiki ya saba ya muhula wa kwanza, na rejista ilionyesha kwamba msichana huyu wa miaka 12 alikuwa amekosa siku 11 kati ya 35. Neno hilo lilichelewesha msaada kwa karibu wiki mbili. Mtu akishaitwa mtoro, watu wazima humtafutia adhabu, hawamtafutii sababu.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika shule ndogo za mabati za mitaa ya mabanda ya Nairobi, na hesabu za siku na za fedha za familia ni za kisa chenyewe. Sheria, sera na mipango inayotajwa ni halisi.

Familia na shule

Mama yake ni mama fua. Hutoka alfajiri kwenda South B, husimama na wenzake kwenye lango la mtaa wa nyumba za kupanga, na akibahatika hurudi na shilingi 500. Kazi hupatikana siku mbili kwa wiki, mara chache tatu. Chumba ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Baba hayupo. Kuna mtoto mwingine wa kiume, mwaka mmoja na nusu.

Shule ni ya mtu binafsi, iko ndani ya mtaa, dakika nne kwa miguu. Ni miongoni mwa zile ambazo serikali huziita APBET, yaani shule za elimu mbadala, zilizowekewa sera mwaka 2009 na baadaye miongozo ya usajili. Karo ni shilingi 700 kwa mwezi. Mtu wa nje huuliza mara moja: mbona mtoto asipelekwe shule ya umma, na elimu ya msingi ni ya bure tangu Januari 2003? Jibu liko kwenye ramani. Serikali ya Mwai Kibaki ilipoondoa karo, watoto katika shule za msingi nchini walipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, lakini mitaa ya mabanda haikuwa na viwanja vya kujenga shule mpya, na mingi haikuhesabiwa kuwa makazi halali hata ipangiwe shule. Wazazi wenyewe, makanisa na walimu wasio na ajira ndio walioziba pengo hilo kwa mabati na mbao. Kwa mtoto huyu shule ya umma iliyo karibu ni mwendo wa dakika 40, na barabara ya malori iko katikati.

Kukaa upande huu wa pengo kuna gharama isiyoonekana. Fungu la serikali la shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka huenda shule ya umma. Chakula cha mchana cha mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, ambacho mtoto hulipia shilingi 5 kwa kugusisha bangili yake kwenye kifaa, kimejengwa juu ya shule za umma. Sheria ya mwaka 2017 inayoamuru wasichana wapewe sodo bila malipo inamtaja msichana aliyesajiliwa katika taasisi ya umma. Mtoto maskini zaidi wa mtaa, kwa kuwa amekosa lango moja, la shule ya umma, anakosa yote matatu. Tunaliona hili kuwa kosa kubwa la mpango mzima, na kila hatua iliyochukuliwa katika kisa hiki ilikuwa ni kujaribu kuziba kwa mkono kile ambacho lango lile lingempa.

Kuisoma rejista siku kwa siku

Jumla haisemi mengi. Siku 11 kati ya 35 ni asilimia 31, nambari ya kutisha, lakini haikuambii uanzie wapi. Mwalimu mkuu alichukua karatasi ya mraba, akachora wiki saba kwa siku tano, akaweka alama kila siku aliyokosa. Kazi ya dakika kumi. Mchoro ukazungumza.

Siku tatu za kwanza za muhula zilikuwa tupu. Alhamisi za wiki ya pili, ya nne na ya sita zilikuwa tupu pia. Jumanne ya wiki ya pili na Jumanne ya wiki ya sita, siku 28 kamili kati yake. Kisha Jumanne na Jumatano ya wiki ya tatu, na Jumanne ya wiki ya tano. Mtoto anayetoroka kwenda kucheza hatoroki kwa kalenda iliyonyooka namna hii.

Halafu kuna siku tatu ambazo rejista ilizificha. Majina huitwa saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili na nusu, kila Jumatatu ya pili, karani hupita darasani na orodha ya wenye madeni, na watoto hao hurudishwa nyumbani. Lakini mwalimu keshaweka mkwaju wa asubuhi, yaani alama ya kuwapo, na kwa mazoea ya walimu wengi huweka na wa alasiri papo hapo ili asirudie kazi. Hivyo Jumatatu za wiki ya tatu, ya tano na ya saba mtoto alihesabiwa yupo ilhali alikuwa amekaa nje ya mlango wenye kufuli, akimsubiri mama aliyeko South B. Zijumlishe hizo: amekosa siku 14 kati ya 35, asilimia 40.

Mtu yeyote anayefanya kazi ya mahudhurio ailinganishe kwanza orodha ya karani na rejista ya darasa. Katika shule zinazotoza karo, hapo ndipo siku nyingi hupotelea, na hakuna takwimu ya juu itakayozionyesha. Uingereza na Marekani hutumia kipimo cha asilimia 10 kumtambua mwanafunzi ambaye kukosa kwake kumekuwa kwa kudumu. Kwa kipimo hicho msichana huyu alivuka mstari mapema mno: wiki ya pili ilipoisha alikuwa amekosa siku 5 kati ya 10. Shule ilishtuka wiki ya saba.

Sasa zigawe siku 14 kwa sababu zake. Siku tatu za mwanzo zilikuwa za viatu: vya mwaka uliopita vilipasuka soli, na mama aliona aibu kumleta na malapa. Siku sita zilikuwa za karo: Jumatatu tatu za kufukuzwa, na tatu zilizofuata ambazo mtoto hakurudi kwa kuwa pesa haikuwa imepatikana. Alhamisi tatu alibaki kumlea mdogo wake, maana kuna mteja wa mama anayefuliwa kila baada ya wiki mbili, na kibarua cha uhakika hakiachwi. Jumanne mbili zilikuwa za hedhi. Kwa hesabu hiyo, siku tisa kati ya 14 zilitokana na fedha, na sita kati ya hizo zilisababishwa na shule yenyewe.

Hatua iliyoharibika

Kabla mchoro huo haujachorwa, shule ilikuwa imeshampelekea chifu jina. Hilo si kosa kisheria. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinamtoza mzazi asiyempeleka mtoto shule faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Chifu alimwita mama, akamsomea hayo.

Matokeo yalikuwa haya: mama aliacha kupokea simu za shule, na akaanza kutafuta nauli ya kumpeleka binti ushago kwa nyanya. Kwa macho ya mama, serikali ilikuwa imemwambia kwamba atafungwa kwa sababu mtoto wake alifukuzwa na shule. Katikati ya mwaka wa mtihani, msichana angetoka Nairobi bila barua ya uhamisho, na hapo ndipo wengi hupotea kabisa: shule ya mjini humwandika amehama, shule ya kijijini haijawahi kumsikia.

Sheria ileile ina kifungu cha 33, ambacho watu hukiruka. Kinamtaka mwalimu mkuu kwanza achunguze mazingira ya mwanafunzi kukosa shule. Ikionekana hakuna sababu ya msingi, ndipo humpa mzazi ilani ya maandishi na kupeleka ripoti kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Uchunguzi unatangulia. Ukianza na chifu umeanza mwisho. Brazil, kupitia Bolsa Família, huifungamanisha pesa ya familia maskini na mahudhurio ya mtoto, yaani huilipa familia ili mtoto afike. Mwenye mfuko mdogo hawezi kulipa hivyo, lakini anaweza angalau kutotanguliza kitisho.

Mlango ulifunguliwa tena na mhudumu wa afya wa jamii anayewatembelea watoto wachanga wa ploti ile anamopanga mama. Alikwenda Jumapili jioni, si siku ya kazi, akiwa na mwalimu wa kike. Swali la kwanza lilikuwa, "Mama, Alhamisi huwa kuna nini hapa nyumbani?" Hawakuuliza kwa nini mtoto hafiki shule. Swali la siku fulani hupata jibu la siku fulani. Swali la "kwa nini" hupata kuomba msamaha, na msamaha haukusaidii kupanga chochote.

Karo: mahali pa kuanzia

Deni lilikuwa hivi. Muhula uliopita ulibakisha shilingi 1,400. Karo ya muhula huu ni 2,100. Jumla 3,500, na mama alikuwa amelipa 800. Zilibaki 2,700.

Lazima mwenye shule naye asikilizwe. Halipwi na serikali, mishahara ya walimu hutoka katika hizo 700, na wazazi wakichelewa wote mara moja, mwalimu wa hisabati huenda shule nyingine. Lakini kufukuza kulileta nini? Katika Jumatatu tatu, mara moja tu mtoto alirudi na kitu: shilingi 200. Siku sita za masomo kwa shilingi 200. Na Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote kumdai mama fua, kwani pesa ya wiki iliyopita imekwisha Jumapili na ya wiki hii haijapatikana.

Makubaliano yaliandikwa nakala mbili, moja ya mama, moja ya karani. Shilingi 250 kila Ijumaa kwa M-Pesa, kuanzia wiki ya nane hadi ya 13, jumla 1,500. Zilizobaki, 1,200, zinavuka hadi muhula wa pili. Wiki moja ikiruka, karani humtumia mama ujumbe. Mbili zikifuatana, mama huitwa kuzungumza. Mtoto hatumwi nyumbani kwa lolote kati ya hayo. Sentensi hii ya mwisho ndiyo roho ya karatasi nzima, na iandikwe waziwazi, kwa sababu shule ya binafsi haifungwi na kile kinachoifunga shule ya umma: kifungu cha 29 kinakataza mtoto kunyimwa masomo shule ya umma kwa kushindwa kulipa ada nyingine zilizoidhinishwa, lakini hakigusi karo ya shule kama hii.

Je, hizo 250 zitatoka wapi, ikiwa kwa wiki saba alilipa 800 tu? Hapa ndipo tatizo la karo linapokutana na la mtoto mchanga.

Mdogo wake

Mtaani kuna kina mama wanaolea watoto wachanga mchana kwa malipo. Karibu na ploti hii bei ni shilingi 70 kwa siku, uji ukiwa wa mzazi. Mama alikuwa akiiona ghali, na kwa siku ambayo hajui kama atapata kazi, kweli ni ghali: akimwacha mtoto na akakosa kibarua, amepoteza 70 na nauli. Ndiyo maana alimtumia binti, ambaye hana bei.

Hesabu ikafanywa upya pamoja naye, kwa kalamu. Alhamisi ya mteja wa uhakika: 70 zilipwe, binti aende shule. Siku moja zaidi ya kwenda langoni kila wiki, ambayo awali aliiacha kwa kukosa wa kumwachia mtoto: akipata, 500 kutoa 70, zinabaki 430. Wiki yenye mteja wa Alhamisi, ukitoa 70 zake, ni 360. Toa 250 za karo, zinabaki 110. Ni hesabu nyembamba sana, na haiwezekani kila wiki. Lakini ilikuwa afadhali kuliko ile ya zamani, ambamo mtoto wa miaka 12 ndiye aliyekuwa akilipa.

Mambo ya kuangalia kabla ya kumpeleka mchanga kwa mlezi: walezi ni wangapi kwa watoto wangapi, anafungua saa ngapi (mama fua anahitaji saa kumi na mbili asubuhi, si saa mbili), maji ya kunywa yanachemshwa au la, na anafanya nini mtoto akiwa na homa au anaharisha. Hili la mwisho liliulizwa lakini halikupangiwa jibu.

Hedhi

Hakuna aliyelijua hadi mwalimu wa kike alipozungumza na msichana peke yake, wakitembea. Pengo la siku 28 kwenye mchoro ndilo lililompa mwalimu dokezo. Kukosa siku moja kila mwezi si kwa sababu ya maumivu pekee: choo cha shule kilikuwa na mlango usiofungika kwa ndani, na wavulana hutumia kilekile.

Suluhisho liligharimu kidogo kuliko yote. Komeo la chuma na misumari minne. Boksi la sodo katika kabati la mwalimu wa kike, ambamo msichana yeyote huchukua bila kuandika jina, pamoja na chupi mbili safi na mfuko wa karatasi. Ndoo yenye kifuniko chooni. Wanaoanzisha maboksi haya hukosea kwa kuyaweka ofisini kwa mwalimu mkuu mwanamume, na boksi hubaki limejaa hadi mwisho wa muhula.

Kuna sababu nyingine ndogo za kimwili ambazo katika kisa hiki hazikuwapo, ila zisisahaulike. Utafiti wa wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer huko Busia, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo kulipunguza kukosa shule kwa robo. Kabla ya kuita kikao kuhusu maadili ya mtoto, uliza ameshatibiwa lini.

Masomo yaliyopotea, na karatasi

Kumrudisha mtoto darasani bila kumfidia yaliyopita ni kumrudisha akae asielewe, na asiyeelewa hutafuta sababu ya kutorudi kesho. Mwalimu wa hisabati aliangalia azimio lake la kazi: sehemu na desimali zilifundishwa wiki ya tatu na ya tano, wiki alizofukuzwa. Dakika 40 kila Jumanne na Jumatano baada ya masomo, kwa wiki nne, pamoja na watoto wengine watano wa orodha ileile ya karani. Kwa Gredi ya Sita hili ni zito zaidi, kwani matokeo ya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya Sita, yameundwa na asilimia 60 ya tathmini za shuleni za Gredi ya Nne, ya Tano na ya Sita, na asilimia 40 ya mtihani wenyewe. Siku ya tathmini ikikutana na Alhamisi ya kulea, alama imekwenda.

Wazo la kumhamishia shule ya umma lilizungumzwa na likaahirishwa hadi mwisho wa mwaka. Watahiniwa husajiliwa mapema, na kuhama baada ya usajili huzua mkanganyiko. Tena kuhama kulikwama kwa jambo jingine: hana cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hana namba ya UPI, yaani namba yake ya utambulisho katika mfumo wa serikali wa wanafunzi, na bila namba hiyo kuandikishwa sekondari ya msingi huwa vita.

Alizaliwa nyumbani kwa mkunga, hapohapo Mukuru, na naibu wa chifu hakuarifiwa. Huo ni usajili wa kuchelewa, unaohusu mtoto aliyepitisha miezi sita bila kuandikishwa. Yaliyokusanywa: kadi ya kliniki ya chanjo, kadi ya ubatizo, kitambulisho cha mama, barua ya shule, na barua ya chifu (safari hii mama alisindikizwa na mzee wa mtaa, na mazungumzo yalikuwa mengine). Baba kutokuwepo hakuzuii. Mama anaweza kumwandikisha mwanawe bila jina la baba. Kinachokwamisha zaidi ni herufi. Jina kwenye kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo na rejista ya shule liliandikwa kwa namna tatu tofauti. Sahihisha upande wa shule kwanza, kabla ya kupeleka, la sivyo utarudishwa.

Wiki ya nane hadi ya 13

Wiki ya nane ilikuwa fupi kwa mapumziko ya katikati ya muhula, hivyo siku zilizobaki zilikuwa 28. Alikosa nne, asilimia 14. Bado ni juu ya mstari wa kumi, lakini sababu zimebadilika.

Mbili zilikuwa za mdogo wake kuharisha: mlezi alimkataa, kama ilivyo haki yake, na hapakuwa na mpango wa pili. Sasa upo. Jirani wa ploti anayeuza mboga mlangoni atamkalia kwa siku ya ugonjwa, na mama atamfulia Jumapili. Moja ilikuwa ya homa ya kweli. Ya nne ilikuwa Jumatatu ya wiki ya tisa: karani alikuwa likizo, aliyemshikia kazi akatumia orodha ya zamani iliyokuwa imebandikwa ukutani, na msichana akatolewa darasani akiwa na nakala ya makubaliano kwenye daftari lake. Hakuthubutu kuionyesha. Orodha ya ukutani ilichanwa siku iliyofuata, na nakala ya tatu ikawekwa kwa mwalimu wa darasa, ambaye sasa haweki mkwaju wa alasiri kabla ya alasiri na huandika herufi ndogo kando ya kila siku iliyokosekana: K kwa karo, L kwa kulea, U kwa ugonjwa, N kwa nyingine.

Mama alilipa Ijumaa tano kati ya sita, 1,250. Deni linalovuka ni 1,450. Cheti hakijatoka, stakabadhi ya maombi imetiwa katika faili lake shuleni.

Viatu alivyonunuliwa Januari ni vya mtumba, namba 35, na vidole vyake tayari vinagusa mbele. Mama ameambiwa kwamba malipo ya Ijumaa ya kwanza ya likizo yasiende kwenye deni. Yawekwe ya viatu, vinunuliwe kabla ya Jumatatu ya kufungua.